KUFUGA PWEZA NYUMBANI: NASAHIHISHA JIBU LANGU

Bismillahir Rahmanir Rahim.


Ndugu zangu, leo nina deni la kulipa hapa mbele yenu. Miezi michache iliyopita kijana wetu mmoja, asili yake Mombasa na sasa anaishi Uingereza, aliniuliza: "Ustadh, inafaa kufuga pweza ndani ya tangi la kioo nyumbani?" Nilikuwa njiani kwenda darsani. Nikamjibu kwa mstari mmoja, kwamba kufuga kuna ruhusa, usisahau kumlisha, Allah akubariki. Wengi mliliona jibu lile na wengine mkalisambaza.

Baadaye akanitumia picha. Pweza yuko sakafuni nyuma ya friji, amekauka. Kijana alifunika tangi kwa wavu na kuweka jiwe juu yake. Usiku pweza akausukuma, akatoka, akatambaa mpaka pale. Chini ya picha aliandika: "Ustadh, nina dhambi?"

Swali lile lilinihusu mimi kabla ya kumhusu yeye, maana alitenda kwa neno langu.

Nilichosema hakikuwa uongo. Asili ya kufuga mnyama ni ruhusa, na dalili mashuhuri ni hadithi ya Abu Umayr, mdogo wake Anas bin Malik (r.a.), iliyomo katika Bukhari na Muslim. Mtoto yule alikuwa na kindege anachezea, kikafa, na Mtume (swalla Allahu alayhi wasallam) akawa anamliwaza kwa utani wa upole kwa kumuuliza habari za kindege chake. Ibnul Qaas, mwanachuoni wa Kishafi, alitoa faida 60 kutoka katika hadithi hiyo moja. Na katika waliyoyapata wanachuoni humo ni ruhusa ya kuweka ndege tunduni.

Tatizo ni kwamba nilisimama hapo. Hadithi ya mwanamke na paka mnaijua tangu madrasa. Aliadhibiwa kwa sababu ya paka aliyemfungia mpaka akafa. Lakini kosa lake limetajwa kwa pande mbili: hakumpa chakula, na wala hakumwacha ajitafutie mwenyewe katika vijidudu vya ardhini. Sisi tukihutubia tunalishika lile la chakula, hili la pili tunalipita. Paka aliye nje ana njia zake elfu. Paka uliyemfungia ana wewe tu. Ukishafunga mlango, mahitaji yake yote yamehamia shingoni mwako, yale unayoyajua na yale usiyoyajua.

Na mimi, nasema kweli, sikuyajua. Wanachuoni wa usulu wana kanuni kwamba hukumu ya kitu inafuata kukifahamu kwanza kitu chenyewe. Mimi nilihukumu juu ya pweza ninayemjua, na pweza ninayemjua ni wa kwenye sahani.

Kwa hiyo nikaenda kusoma, na kuwauliza wanaojua. Pweza ana mioyo mitatu na damu ya rangi ya buluu. Pweza wa kawaida ana seli za neva zinazokaribia milioni 500, na theluthi mbili yake ziko kwenye minyiri, ndiyo maana kila mnyiri unapapasa, unaonja na unatafuta kama una akili yake. Mwilini kitu kigumu ni mdomo wake, ule unaofanana na wa kasuku. Tundu unalopita mdomo, na yeye mzima anapita. Msidhani ni uzembe wa kijana peke yake. Mwaka 2016 pweza aliyeitwa Inky alitoka ndani ya tangi lake katika jumba la taifa la samaki huko Napier, New Zealand, akaingia bomba la kutolea maji lenye urefu wa mita 50 hivi, akarudi baharini. Hao ni wataalamu wenye wafanyakazi. Sembuse wavu na jiwe.

Halafu kuna maji yenyewe. Sisi watu wa pwani tunadhani maji ya bahari ni maji na chumvi tu. Ndani ya tangi, kinyesi na mabaki ya chakula hutoa amonia, nayo ni sumu. Kuna bakteria wanaoibadilisha amonia hiyo kidogo kidogo mpaka ipungue ukali, lakini kuwakuza huchukua wiki nyingi, na wengine husubiri miezi kabla ya kumtia pweza. Ukinunua tangi Jumamosi na pweza Jumapili, umemwekea kaburi la kioo. Maji ya bomba huwa na klorini, na pengine shaba iliyotoka kwenye mabomba, na shaba iliyoyeyuka majini huua wanyama wasio na uti wa mgongo. Akishtuka akamwaga wino, baharini wino unachukuliwa na mkondo, tangini unabaki naye. Kijana aliniambia pweza wake alikuwa ameanza kujitafuna mnyiri. Hilo linajulikana kwa pweza aliye katika dhiki au maradhi.

Na kuna hili lililonikalisha kitako. Pweza jike akishataga huacha kula. Hukaa juu ya mayai yake akiyapuliza maji na kuyasafisha mpaka yaanguliwe, kisha hufa. Umri wa aina nyingi ni mwaka mmoja au miwili tu. Sasa wewe unayeuziwa pweza mkubwa aliyetolewa baharini, unajua ametolewa wapi? Ametolewa juu ya nini? Abu Dawud amepokea kwamba Maswahaba walikuwa safarini, wakachukua makinda mawili ya ndege, mama akaja akipigapiga mbawa. Mtume (s.a.w.) alipomuona aliuliza ni nani aliyemtia ndege huyu uchungu kwa watoto wake, akaamrisha warudishwe. Maswahaba wale hawakuwa makatili. Walifanya kama afanyavyo yeyote aonaye kitu kizuri.

Najua mtakayoniandikia: "Sheikh, wewe unakula pweza wa nazi, leo unatufundisha huruma?" Ndiyo, nakula, na katika madhehebu yetu ya Shafi ni halali. (Wahanafi hawamli kabisa, hilo ni somo lingine.) Lakini ruhusa ya kula si ruhusa ya kutesa. Tumeamrishwa ihsani hata katika kuchinja, kisu kinolewe, mnyama apumzishwe. Mama zetu wanaochokoa pweza wakati wa bamvua, yule mjuzi humuua papo hapo. Anayemwacha ajinyonge juani ndani ya ndoo akaripiwe. Vilevile Kizimkazi na Kisiwa Panza wanafunga maeneo ya miamba kwa muda ili pweza wakue, na hiyo ni adabu na riziki ya Allah. Mwiba wa mvuvi ni wa dakika moja. Tangi baya ni la wiki nane, na faida yake ni wageni kusema maashaallah.

Kwa hiyo hukumu yangu sasa ni hii. Simharamishii kila mtu. Mwenye elimu, tangi lililofungwa sawasawa, maji yaliyokomaa, kaa na kamba wa kumlisha, na muda wa kumshughulikia kila siku, ana lake la kumjibu Mola wake. Lakini mtu wa nyumba ya kawaida, anayetaka kwa sababu ameona video, namwambia asifuge. Huko Uingereza kwenyewe sheria ya ustawi wa wanyama ya mwaka 2022 inawatambua pweza, ngisi, kaa na kamba kuwa viumbe wenye hisia. Sisi tuliosoma habari ya yule paka tusingesubiri bunge.

Farasi wa baharini naye vivyo hivyo. Hana tumbo la kuhifadhi chakula, hulishwa mara kwa mara kutwa, na wengi hufa njaa mbele ya mwenye kuwapenda. Na yule pweza mdogo mwenye pete za buluu hilo halina mjadala. Sumu yake ni ile ile ya bunju, inaua mtu mzima. Kumweka kwenye nyumba yenye watoto ni haramu kwa kanuni ya kutodhuru.

Mwenye pweza tayari asiende kumtupa baharini. Pweza wa bahari ya joto kwenye maji ya Uingereza atakufa kwa baridi. Atafute jumba la samaki au mfugaji mjuzi amkabidhi.

Kijana wangu, uliuliza kabla ya kutenda. Leta istighfari na usirudie. Fungu kubwa la kosa lile ni langu, na waliosambaza jibu la kwanza nawaomba wasambaze na hili. Umeniuliza pia kuhusu tangi, kwamba limebaki na pampu inazunguka maji matupu. Wapo samaki wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe wanaozalishwa na wafugaji, hawakutolewa baharini. Anza na wawili, na kabla hujawanunua nitumie picha ya kifuniko.

Wallahu a'alam.