Baba Mwenye Hasira Huenda Ni Mgonjwa

Katika jumuiya zetu baba akianza kukosa sala, kurudi usiku amelewa na kugombana na watoto kwa jambo dogo, wazee hutumwa kumwonya. Sisi tunaona kwamba mara nyingine ingefaa apelekwe kwanza kwa daktari.

Ugonjwa wa sonona kwa mwanamume mara nyingi hauji na machozi. Huja na hasira, pombe, kimya kirefu, kuamka saa tisa usiku asipate tena usingizi, kutojali shamba wala mifugo. Wengine hulalamikia kiuno, kichwa au tumbo. Hupewa vidonge vya maumivu wakarudi nyumbani na ugonjwa wao. Hali hiyo ikidumu majuma mawili au zaidi, tusiiite uvivu. Methali ya mficha maradhi tunaijua sote, lakini kwa ugonjwa huu tunamsifu mfichaji na kumwita mwanamume kamili! Shirika la Afya Duniani linahesabu watu zaidi ya 700,000 wanaokufa kwa kujiua kila mwaka, na wengi wao ni wanaume.

Sonona inatibika, kwa mazungumzo na mtaalamu, kwa vidonge, au kwa vyote viwili. Vidonge huchukua majuma kadhaa kabla ya kuleta nafuu; wapo wanaoviacha siku ya tano wakisema havifai. Hata akipata nafuu asiviache ghafla bila daktari. Pombe aiache, maana huongeza huzuni ileile anayotaka kuisahau.

Wapo watakaosema sala inatosha. Tusali, ndiyo. Lakini nabii Eliya alipoketi chini ya mti jangwani akiomba afe, malaika hakumkemea: alimpa mkate na maji, akamwacha alale, akamwamsha ale tena.

Baba akisema afadhali asingekuwepo, msidhani ni mzaha. Mwulizeni wazi kama anafikiria kujiua. Kumwuliza hakumtii wazo hilo. Asiachwe peke yake, dawa za kuulia wadudu zifungiwe mbali, na apelekwe hospitali siku ileile.

Na kama hakuna hatari hiyo lakini anakataa kwenda kwa ajili ya “mawazo”, basi aende kwa ajili ya usingizi. Mama amsindikize, au mwenzake wa kwaya, na habari za pombe na hasira zisemwe mbele ya daktari, kwa kuwa yeye mwenyewe huenda akaziacha nje ya mlango.