STIMA YA GARI SI STIMA YA NYUMBA



Yako maneno yanayozunguka katika karakana yetu, nayo ni haya: mtu aliyeweza kufunga taa za gari aweza pia kufunga stima ya nyumba, kwa maana stima ni stima na waya ni waya. Nimeyasikia kwa wenzetu wa zamu ya usiku. Nimeyasikia kwa mwenye nyumba mmoja asiyetaka kulipa fundi. Na jambo baya kuliko yote, nimeyasikia kwa wakubwa wanaotuma kijana wa gereji aende kutengeneza kota ambamo wake zetu na watoto wetu wanalala.

Nasema wazi kwamba maneno hayo ni ya uongo, nami ninayo haki ya kusema, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa mmoja wa wajinga hao. Shule ya misheni ilinifundisha kusoma, kuhesabu na kuimba. Stima nilijifunza chini ya magari ya watu siku za Jumapili baada ya ibada, nikajiona fundi. Basi nikavuta waya kutoka chumbani mpaka barazani, nikaweka taa na swichi. Taa ikawaka. Majirani wakanisifu, nami nikazipokea sifa.

Baada ya wiki chache globu ikaungua. Shemeji yangu akazima swichi kama mtu mwenye akili, akapanda juu ya kiti, mkono mmoja ameshika nguzo ya chuma ya baraza, na mkono wa pili akaingiza katika holda. Stima ikamtupa chini. Alipona, lakini bega lake liliteguka na hakufanya kazi mwezi mzima.

Kosa lilikuwa wapi? Katika gari, bodi yote ya chuma ndiyo njia ya kurudisha stima kwenye betri. Kwa hiyo katika magari mengi swichi ya honi, na ile ya taa ya mlango, hukata upande wa bodi, na hakuna anayeumia, kwa kuwa betri ni ya volti 12 tu na ngozi kavu haipitishi kitu cha kukudhuru. Mimi nikaichukua desturi hiyo nikaipeleka barazani. Nikakata ule waya wa kurudisha na kuuacha waya wa moto uende moja kwa moja kwenye holda. Taa huwaka vilevile na kuzimika vilevile, wala macho hayawezi kuona tofauti. Lakini hata swichi ikizimwa, volti 240 zimekaa pale juu zinangoja mkono wa mtu. Sehemu moja ya kumi ya ampea ikipita kifuani yatosha kuusimamisha moyo. Kwa hiyo fundi anayekwambia, "Tazama, si inawaka?" hajakuonyesha kitu.

Tena iko habari ya rangi. Mtu wa gari amezoea kwamba mweusi ni wa bodi. Katika nyumba zilizofungwa zamani mwekundu ni wa moto, mweusi ni wa kurudisha, na wa ardhi ni wa kijani. Katika kazi mpya wa moto ni wa kahawia, wa kurudisha ni wa buluu, na wa ardhi ni wa kijani wenye mstari wa manjano. Sasa mchukue yule kijana wa gereji, aone mweusi, aufunge kwenye bodi ya chuma ya jiko. Jiko litafanya kazi. Siku ule mweusi utakapokatika huko nyuma, bodi nzima ya jiko itakuwa na moto, na mama atakayeishika hatajua ni nani aliyemuua.

Wala fundi wa nyumba asicheke, kwa sababu naye akija kwenye gari huharibu. Hudharau volti 12. Taa ya gari ya wati 60 hula ampea 5, na globu ya nyumba ya wati 60 hula robo ya ampea. Akiweka waya mwembamba wa taa za nyumba, utachemka ndani ya dashibodi. Akiweka ule wenye uzi mmoja mgumu, mtikisiko wa barabara zetu utauvunja. Na spana ikigusa vichwa viwili vya betri pamoja, mamia ya ampea hupita kwa mara moja. Nimeona pete ya mtu ikigeuka nyekundu kidoleni mwake. Ndiyo maana kwenye gari tunafungua kwanza upande wa bodi, na kwenye nyumba tunazima swichi kubwa, kisha tunapima kabla ya kugusa.

Watu watasema fundi mwenye leseni ni ghali. Ghali kwa nani? Mkubwa huokoa fedha kidogo katika hesabu yake, na gharama ya hospitali hulipwa na mfanyakazi kwa mshahara ule ule usiotosha unga. Sheria ya Kawi ya mwaka 2019 ipo, na EPRA hutoa leseni kwa mafundi wa stima. Mtu akija na bisibisi mlangoni mwako, mwombe leseni yake, hata kama ametumwa na mkubwa, hata kama ni rafiki yako. Kama ni mimi, nifukuzeni.

Katika mkutano ujao wa tawi nitasimama na kuuliza maswali mawili, nami naomba wenzangu wa kota mje mniunge mkono: ni nani aliyepima waya wa ardhi katika kota zetu, na karatasi ya kipimo hicho iko wapi?

Mwanachama wa karakana