Gita ya Nguvu Haitaki Makelele: Chefu, Mrudishie Kijana Bafle Yake

Leo nitaudhi watu wa pande mbili. Mnivumilie.

Jumamosi iliyopita nilikuwa katika lupango moja ya komine ya Manika. Nilishika mikro, namsikiliza mama mmoja mzee anayeeleza namna nyumba yake ilivyobomolewa, namna walivyopakia masufuria na vitanda katika kamyo, na namna familia yake ya watu tisa inavyoishi sasa katika vyumba viwili. Hayo ndiyo tunayoyatafuta kwa kipindi chetu. Lakini lupango ya pili, vijana walikuwa wanarudia nyimbo zao. Gita inanguruma, bafle inatetemeka, sahani za mama zinalia juu ya meza. Usiku nilipoweka ekutere masikioni nisikilize rekodi, nikakuta mama hayumo. Midomo yake nilikuwa naikumbuka, lakini sauti yake imemezwa yote.

Siku ya tatu, mkubwa mmoja wa kartiye akaja na watu wake, akabeba bafle na ampli ya wale vijana. Akatoa amri: hakuna tena gita ya umeme mtaani. Majirani wakapiga makofi. Mimi sikupiga.

Nianze na vijana, juu ya wao ndio walionikasirisha kwanza. Nilimwendea mpiga gita, kijana wa miaka kama kumi na tisa, mtoto wa familia iliyohamishwa pia. Nikamwomba apunguze. Akanijibu kwa heshima: "Yaya, hii sauti ya kupasuka haipatikani chini. Lazima ampli ifunguliwe yote, ndipo gita iseme." Ni uongo. Sisemi yeye ni mwongo; aliupokea kwa wakubwa wake wa muziki, nao waliupokea kwa wengine, na kila mmoja aliuacha vile alivyoupata.

Ulikuwa ukweli zamani. Ampli za kwanza za lampu zilikuwa na butoni moja tu ya sauti. Ukitaka gita ipasuke, lazima uisukume mashine mpaka mwisho wa nguvu zake, lampu zichoke, bafle ilie. Lakini tangu miaka ya 1970 watengenezaji waliweka butoni mbili. Moja imeandikwa GAIN, nyingine MASTER au VOLUME. GAIN ndiyo inayopasua sauti mwanzoni, ndani ya mashine. MASTER inaamua tu ni kiasi gani kitoke nje. Mama yeyote anayepika sombe atalielewa hilo kwa urahisi: GAIN ni pilipili, MASTER ni ukubwa wa sahani. Pilipili ikiwa kali, hata kijiko kimoja kinawasha. Kijana wetu alikuwa na butoni zote mbili kwenye ampli yake, nimeziona kwa macho. GAIN ilikuwa katikati. MASTER ilikuwa mwisho. Alikuwa anapakua sahani ishirini za chakula kisicho na pilipili, halafu analalamika hakiwashi.

Na wanaosema muziki huu wa kupasuka ni mambo ya Wazungu, waangalie hapo ng'ambo ya mpaka. Shaba yetu na shaba ya Zambia ni mshipa mmoja. Miaka ya 1970, katika miji ya shaba kama Kitwe, vijana walipiga gita iliyopasuka vizuri kuliko wengi: WITCH, Amanaz, Ngozi Family ya Paul Ngozi. Muziki ule dunia inauita Zamrock, na leo watu wa Ulaya na Marekani wanatafuta sahani zake za zamani kwa bei kubwa. Amanaz walitoa albamu yao mwaka 1975. Mwimbaji wa WITCH, Jagari Chanda, baadaye alienda kuchimba mawe ya thamani, kama watoto wetu wanavyoenda kuchimba kobalti. Sasa sikilizeni vizuri sauti ile. Wengi wao waliipata kwa pedali ndogo ya fazi, kisanduku chenye transista chache, kinachotumia pili ya volti 9. Pedali inapasua sauti kabla haijafika kwenye ampli, kwa hiyo ampli inaweza kubaki chini kabisa. Na SNEL ikikata umeme, pedali yenyewe inaendelea.

Kuna atakayenirudishia jibu la Konono No. 1 wa Kinshasa. Wale walitengeneza mikro zao kwa sumaku za vyuma vya magari, likembe zikapasuka kweli kwa sababu ya sauti kubwa. Sawa. Lakini walikuwa wanashindana na barabara ya Kinshasa, hewa wazi, mchana. Hawakuwa wanashindana na mtoto wa jirani anayelala nyuma ya ukuta wa tofali moja.

Sasa nguvu. Vijana wengi wananiambia ampli ya wati 100 ni ya wanaume, ya wati 10 ni ya watoto. Sikio halihesabu hivyo. Ukipunguza nguvu kutoka wati 100 mpaka wati 10, sikio linasikia kama sauti imepungua nusu tu. Na bafle nzuri ya gita ikipewa wati 1, wati moja peke yake, inaweza kutoa karibu desibeli 100 kwa aliyesimama mita moja mbele yake. Shirika la Afya Duniani lilisema mwaka 2015 kwamba desibeli 85 kwa saa nane ni mwisho wa usalama wa masikio kazini, na kila desibeli 3 ukiongeza, muda unakatwa nusu. Kwa desibeli 100 unabaki na robo saa. Vijana wetu wanarudia saa nne. Kwa usingizi, shirika hilo hilo, katika mwongozo wake wa mwaka 2009 kwa Ulaya, lilitaja desibeli 40 usiku nje ya nyumba. Arobaini. Hapo hata ampli ya "watoto" ni kubwa mno.

Lakini nisiwe kama wale wanaosema "punguza" halafu wanaenda zao. Mtu akipunguza tu, sauti inakuwa mbaya, na yeye ana haki ya kulalamika. Watafiti wawili wa Marekani, Fletcher na Munson, walionyesha mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu, sauti ikiwa chini, linapoteza besi kwanza, na kali za juu pia. Ndiyo maana gita inayofurahisha kwa sauti kubwa inakuwa kavu ukiishusha. Basi usitumie mpangilio uleule. Ongeza besi kidogo. Usiondoe sauti za katikati, vijana wanapenda sana kuziondoa, na ndizo zinazobeba gita. Na GAIN yenyewe usiimalize. Ukiijaza yote sauti inakuwa mbu ndani ya chupa. Iache mahali ambapo ukigusa uzi polepole gita inatulia, na ukipiga kwa nguvu inapasuka.

Halafu bafle inakaa wapi? Hapa ndipo nilipocheka. Bafle yao ilikuwa chini kwenye sakafu, inaimbia magoti. Mpiga gita amesimama juu yake, hasikii kitu, anaongeza. Jirani upande wa pili anasikia yote. Chukua kasha tupu la Simba, weka bafle juu, iinamishe kidogo ikutazame usoni. Papo hapo utapunguza nusu bila kulazimishwa. Itoe kwenye kona, maana kona inaongeza besi, na besi ndiyo inayopita ukutani na kutikisa sahani za mama. Chini yake weka kipande cha godoro la zamani. Hakuna hata dola moja iliyotumika hapa.

Wale wanaopiga kanisani wanajua ugonjwa mwingine: unachomeka pedali moja kwa moja kwenye meza ya sono, na sauti inatoka kama nyuki waliokasirika. Wanafikiri dawa ni kuongeza. Sababu ni kwamba bafle ya gita kwa asili yake inakata sauti kali za juu, kuanzia karibu hezi 5,000, na bafle za sono hazikati. Shusha kali hizo kwenye meza, nyuki watatulia. Anayetumia simu na ekutere, atafute programu inayoiga bafle. Bila hiyo atapata nyuki walewale ndani ya masikio. Na onyo moja kwa wenye ampli ya lampu: msichomoe bafle mkaiacha mashine inafanya kazi tupu ili "isipige kelele". Transfoma ya kutoa sauti itaungua, na kuitengeneza hapa Kolwezi ni machozi.

Ngoma, nakubali, ni tatizo la kweli. Ngoma haina butoni. Kwa mazoezi mpigaji apige juu ya sanduku kwa mikono, au aweke nguo juu ya ngozi. Atanung'unika. Acha anung'unike.

Sasa nigeukie upande wa pili, wale waliopiga makofi.

Mnasema gita ni makelele. Mwenda wa Bayeke alizaliwa Bunkeya mwaka 1930, hapa hapa katika Lualaba ya leo. Mwaka 1952 Hugh Tracey alimrekodi, na vidole viwili vya mtu mmoja kwenye gita isiyo na umeme vikasikika mpaka Kenya. Tunajivunia jina lake. Halafu mtoto wa leo akishika gita tunaita polisi?

Na tuseme ukweli juu ya makelele. Kamyo za madini zinapita usiku kucha, honi mkononi. Migodi inalipua, vikombe vinaruka kabatini. Nganda zina grupu ya umeme nje na bafle nne mlangoni mpaka alfajiri. Makanisa, nayasema kwa heshima, yana honi juu ya paa kwa mkesha wa siku tatu. Nani amewahi kubeba bafle ya mojawapo ya hao? Wanaobebewa ni wale wasio na mtu wa kupiga simu. Vijana hawa walikwisha kutolewa kwenye mitaa yao mara moja. Familia zilizotoka Kasulo mwaka 2017, ziliponyang'anywa hata ardhi chini ya kitanda ili iwe mgodi wenye ukuta, zinajua ninachosema. Mtoto aliyehamishwa ana vitu gani vya kwake? Gita hii alinunua kwa pesa ya kuosha mawe, mwaka mzima. Ukimnyang'anya atarudi kwenye shimo, wala halitakuwa shimo la mita mbili.

Nilikaa na wale vijana na gita ya kuazima, ampli ya wati 5 juu ya kasha la bia, MASTER imefunguliwa kidogo sana. Mama yule alikuwa lupango ya pili, anachambua maharage. Nikamuuliza kama anasikia. Akasema anasikia kidogo, na kwamba ule wimbo wa pili si mbaya, ila wanaurudia mno.

Wamekubali kurudia nyimbo saa kumi mpaka saa kumi na mbili jioni, siku tatu kwa juma. Jumapili hapana. Mama amekubali. Jirani wa nyuma amekubali. Jumatano nitarudi na mikro kurekodi upya maneno ya mama, na hao vijana wameahidi kunyamaza mpaka amalize.

Kinachobaki ni bafle, ambayo mpaka leo iko ofisini kwako, chefu, nyuma ya mlango. Hakuna karatasi ya kuchukuliwa kwake, nimeuliza. Mrudishie kijana.