Nani Kampa Ruhusa Mwenye Kamera?

Leo nataka kuungama mbele yenu, ingawa ungamo lenyewe nimekwisha kulipeleka mahali pake.

Mwaka jana wakati wa kiangazi dereva mmoja alinikuta hapa Muheza, katika ofisi ya parokia, ninaandika vyeti vya ubatizo. Alikuwa na wageni watatu wa kutoka Ulaya waliotaka kwenda Amani. Msitu peke yake haukuwatosha. Walitaka pia kuona jinsi wenyeji wanavyoishi. Dereva ni mtu wa Arusha, Kisambaa hakijui. Mimi nakijua, maana ndicho nilichonyonya. Basi nikafunga daftari, nikapanda motokaa. Tukapita Sigi, penye ile nyumba ya stesheni ya reli ya Wajerumani, tukapanda mlima kwa zile kona zake mpaka kwenye mashamba ya chai, kisha tukashuka kwa miguu katika kijiji ambacho sitakitaja.

Bibi mmoja alikuwa mbele ya jiko lake anaanika iliki. Amevaa kanga ya kazi iliyochanika begani, na kichwa kiko wazi.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mwanangu. Na hao?"

Nikamweleza kwamba ni wageni, nao wapenda kumpiga picha. Akanijibu kwa upole kabisa, "Waambie waje siku nyingine, mwanangu. Leo sikuvaa."

Wageni wakaniuliza amesema nini. Nami nikasema, "Amekubali."

Ndilo neno nililolisema, tena bila kusita. Jua lilikuwa linashuka, dereva ananitazama, na shilingi 30,000 nilizoahidiwa nilikuwa nimekwisha kuzipangia matumizi. Wale wageni si watu wabaya. Walipiga hodi, wakaomba, wakangoja jibu. Aliyewadanganya ni mimi. Wakapiga picha nyingi. Bibi akainama, akajifunika uso kwa ncha ya kanga, nao wakazidi kufurahi, wakidhani ndiyo mila yetu.

Baada ya miezi miwili bibi yule alishuka Muheza kwa shughuli za mjukuu wake, akapita ofisini. Tukaamkiana vizuri. Kisha akaniuliza, "Mwanangu, ile sura yangu mliipeleka wapi?"

Tangu siku hiyo swali lake halinitoki.

Kutazamana kwa namna hii si jambo la jana. Mwaka 1897 Mfalme Leopold wa Ubelgiji aliwaleta Wakongo 267 kwa ajili ya maonyesho ya Brussels, wakawekwa Tervuren katika vijiji vya kuigiza ili watu wapite wakiwatazama. Saba kati yao walifia huko, nao wamezikwa kando ya kanisa la Tervuren. Waliopita kutazama walikuwa Wakristo kama sisi, na bila shaka wengine walitoka Misani asubuhi ile ile. Hata kiua chetu kile cha zambarau cha Usambara, mtawala Mjerumani wa Tanga alikipeleka kwao, na mwaka 1893 kikapewa jina lake, Saintpaulia. Leo chauzwa katika vyungu dunia nzima. Ua halina haya ya kuonekana. Mtu anayo.

Labda wengine mtasema, sisi Wasambaa na Wabondei tuna shule na redio, tutajitetea wenyewe. Haya. Lakini wako wenzetu katika nchi hii hii ambao jambo hili limewafika shingoni. Kando ya Ziwa Eyasi, kule Mang'ola na katika bonde la Yaeda, wako Wahadzabe, watu wapatao elfu moja na kidogo zaidi, ambao baadhi yao waishi kwa upinde, kwa asali ya porini, na kwa mizizi ichimbwayo na wanawake. Watalii huletwa alfajiri, huwafuata wawindaji porini, hurudi wakacheza nao ngoma, hununua mishale na shanga, na kabla ya chakula cha mchana wamekwisha kuondoka. Mgeni amelipa fedha nyingi, lakini fedha hiyo hupita kwa kampuni, kwa dereva, kwa kiongozi, kwa mkalimani, na kila mkono hubakiza chake. Wataalamu waliokaa na Wahadzabe miaka mingi wameandika kwamba fungu kubwa la kile kinachofika huishia katika pombe, na pombe huzaa ugomvi. Tena mgeni hakusafiri mbali vile ili amwone Mhadzabe aliyevaa shati. Basi shati huvuliwa, na ngozi huvaliwa.

Msidhani kwamba Wahadzabe ni wajinga. Pori limepungua kwa sababu ya mashamba na mifugo ya watu wengine, wanyama wamekuwa haba, na shilingi ya mgeni yapatikana upesi kuliko swala. Nani kati yetu angeikataa? Mimi sikuikataa, na nina mshahara.

Lakini tazameni hili. Mwaka 2007 kampuni moja ya kutoka Falme za Kiarabu ilitaka kulifanya bonde la Yaeda kuwa mahali pake pa kuwindia. Kelele zikawa nyingi, ikajitoa. Mwaka 2011 Wahadzabe wa huko wakapata hati ya kimila ya ardhi yao, ya watu wote pamoja. Naona kwamba hati ile ina maana kubwa kuliko ngoma zote. Mwenye ardhi yake mkononi aweza kumwambia mgeni, "Leo hapana, njoo kesho," na kesho mgeni akamkuta pale pale. Asiye na ardhi atamwogopa hata dereva.

Nasi katika mkoa wetu wa Tanga tunao majirani wapya. Tangu mwaka 2022 jamaa nyingi za Wamasai zimetolewa Ngorongoro na kuletwa Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali yasema wamehama kwa hiari. Wamasai wengi wamelikana neno hilo. Sitakata shauri lao katika ukurasa huu mdogo. Nasema tu kwamba picha ya Mmasai ingali ikiwavuta wageni kuja Ngorongoro, hali yeye mwenyewe anajenga upya Handeni.

Kule Amani kuna kazi moja niipendayo. Tangu miaka ya mwanzo ya 2000 wakulima wa vijiji kandokando ya msitu wamekuwa wakifuga vipepeo katika vibanda vya wavu nao walikuwa wakiwauza Ulaya na Marekani wangali ndani ya vifuko vyao, kabla hawajatoka na kuruka. Mgeni akifika huonyeshwa kibanda, huelezwa kipepeo hula jani gani, naye hulipa kwa ajili ya kuona kazi ya mtu. Mama mfugaji husimama kama mwalimu, na mgeni ndiye mwanafunzi. Ni kweli kwamba mwaka 2016 Serikali ilipozuia kupeleka wanyama hai nchi za nje wafugaji hao waliumia sana, maana biashara yao yote ilikuwa huko. Hata hivyo, hakuna aliyejifunika uso kwa kanga.

Kwa hiyo, ikiwa wageni wameanza kufika kijijini kwenu, msiwafukuze. Kaeni kwanza katika mkutano wa kijiji, akina mama wakiwapo na wakisema, mwulizane ni nyumba zipi zitakazopokea wageni na zipi hazitaki. Bei iandikwe ubaoni, kila mtu aisome. Penye msiba mgeni asipelekwe, wala penye jando. Watoto wasizoezwe kukimbilia motokaa wakiomba peremende na sarafu. Nimewaona njiani saa za masomo, na mwalimu wao yuko darasani peke yake na chaki. Na mkalimani achaguliwe na kijiji, asiletwe na dereva. Mkalimani ndiye mlango. Akiwa na njaa ya shilingi kama nilivyokuwa mimi, "hapana" ya bibi haitamfikia mgeni.

Mwezi uliopita nilipanda tena Amani, safari hii kwa basi, nikiwa na shilingi 30,000 zangu katika bahasha. Nilikuwa nimekwisha kumpigia simu yule dereva mara nne nikiomba anwani ya wale wageni. Akasema hanayo, na mara ya mwisho hakupokea. Bibi nilimkuta shambani. Nikamweleza yote, pamoja na lile neno nililolisema. Alinyamaza, akaendelea kuchuma iliki mpaka akamaliza mstari wake. Kisha akapokea bahasha, akaifunga katika pindo la kanga, akaniambia sukari imepanda bei.

Nilipoaga aliniuliza tena habari za ile picha. Nikamwambia bado sijui iliko.