MWAKA 1446 UMEONDOKA: MASIKIO, MACHO NA MOYO WAKO VILIFANYA NINI?

Bismillahir Rahmanir Rahim.



Tumeingia Muharram 1447, alhamdulillah. Aliyeamua miaka yetu ihesabiwe kuanzia Hijra ni Amirul-Muuminina Umar bin Khattab (r.a.), na ni yeye huyo huyo aliyekuwa akiwausia watu wazihesabu nafsi zao kabla hawajahesabiwa. La kalenda tumelishika. La kuhesabu nafsi tumelisahau.

Kwa hiyo leo sileti darsa la fadhila za Ashura, hilo litakuja in shaa Allah. Leo nataka nifanye hesabu yangu mbele yenu: mwaka mzima nilisoma nini, nilitazama nini, nilisikiliza nini. Si kwa kujionyesha. Mtaona wenyewe kuwa hakuna cha kujionyesha. Na wewe unaposoma ya kwangu, fanya ya kwako.

Kwa nini mambo haya matatu? Kwa sababu katika Suuratul-Israa, aya ya 36, Allah anatukataza kufuata jambo tusilolijua, kisha anatukumbusha kuwa masikio, macho na moyo, vyote vitaulizwa. Hii ndiyo milango ambayo mwaka mzima uliingia kupitia kwayo.

KUSOMA

Qur'an nilikhitimisha mara moja tu, Ramadhani. Nasema haya mimi ambaye watu wananiita shehe. Msahafu tulionao wengi una kurasa 604. Ukisoma kurasa nne baada ya kila swala ya faradhi, unamaliza kwa takriban mwezi mmoja, na kwa siku haikuchukui hata saa nzima. Sikuwa na udhuru.

Nje ya vitabu vya dini nilisoma kimoja kwa makini: Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, cha Aniceti Kitereza wa Ukerewe, jirani zetu wa ziwa hili hili. Kuna ndugu aliniona nacho kwenye gari la Muleba akaniuliza, "Shehe, na wewe unasoma riwaya?" Nikamwambia ndiyo. Mwandishi ni Mkristo, na yamo mambo ya pombe na mila ambayo si ya dini yetu, hayo nikayaacha. Lakini kile ni kisa cha mume na mke waliochelewa kupata mtoto, na maneno ya ndugu wa mume yakakaribia kuivunja ndoa yao.

Nilipofika hapo nilikiweka kitabu chini. Miaka yote watu wanakuja kwangu na tatizo hilo. Mke analia, mume kainamisha kichwa, na mimi nawasomea kisa cha Nabii Zakariya (a.s.) nawaambia wasubiri, kisha naagana nao. Sikuwahi hata siku moja kuwaita mama mkwe na mawifi. Baada ya kusoma kitabu kile, walipokuja wengine, niliwaita wakwe kwanza. Nikawaambia: huyu binti hajamnyima mtoto wenu kitu, mtoaji ni Allah, basi zuieni ndimi zenu. Sijui Allah atawaandikia nini, ila ndoa ile bado ipo.

Kitabu kimoja, lakini kilinibadilisha kazi. Kuna vingine nilivifungua, nikavipiga picha, nikaviweka hapa mvione. Hivyo sivihesabu.

KUTAZAMA

Simu yangu inaonyesha muda ninaoutumia kuitazama. Kwa wastani ilikuwa saa nne kwa siku. Zidisha kwa siku 354 za mwaka wetu wa mwezi: saa 1,416. Hizo ni siku 59 kamili, usiku na mchana. Takriban miezi miwili ya umri wangu.

Utasema, "Lakini shehe, wewe ulikuwa unatazama mambo ya heri." Mengine ndiyo. Nilitazama mawaidha mengi sana. Nilitazama Gaza karibu kila siku. Na hapa ndipo ninapoogopa. Mwanzo nilikuwa nikiona mtoto anatolewa kwenye kifusi nashindwa kula. Mwaka huu nilijikuta nimeshika simu mkono mmoja, na mkono mwingine namenya ndizi, namwona mtoto kama yule, kisha kidole kinasogeza kwenye kinachofuata. Ewe Allah, nisamehe.

Watu wa Bukoba, mnaikumbuka Novemba 6, 2022, ndege ilipoanguka ziwani karibu kabisa na uwanja. Walikuwamo watu 43. 24 wakaokolewa, 19 wakafa. Picha zake ziliizunguka nchi nzima kabla ya adhuhuri, kila mwenye simu aliona. Lakini wavuvi waliwahi kufika kwa mitumbwi yao, hawakungoja waambiwe. Kuona tuliona sote. Tofauti ni nani aliingia majini.

Hatuwezi kupiga kasia hadi Gaza. Lakini dua tunayo. Sadaka kwa njia ya uhakika tunayo. Na kama machozi yako juu ya yatima wa mbali ni ya kweli, basi yatima wa mtaa wako wa Hamugembe au Kashai atayaona machozi hayo kwenye ada yake ya shule. Ukitazama balaa la Waislamu kila siku na hufanyi lolote, si kwamba unawajali. Unauzoeza moyo wako kutojali.

KUSIKILIZA

Najua kuwa aibu aliyoisitiri Allah haifunuliwi. Lakini hili nililifanya hadharani, na kosa la hadharani husahihishwa hadharani.

Mnakumbuka Rajab iliyopita, hofu ya Marburg. Tarehe 20 Januari 2025 Rais Samia alitangaza kuwa ugonjwa umethibitishwa Biharamulo, na Muleba wanapakana na Biharamulo. Siku hizo nilitumiwa sauti ya mtu kwenye WhatsApp. Anasema kuna nyumba fulani kijijini Muleba wamemleta mgonjwa usiku, wanamficha. Ametaja kijiji, ametaja biashara ya mama mwenye nyumba. Sauti ilikuwa ya mtu mwenye uhakika. Nikaisambaza kwenye kundi la msikiti lenye watu zaidi ya 200, nikaongeza na maneno yangu: "Tuchukue tahadhari." Nikaona nimefanya jambo la heri.

Mgonjwa alikuwapo kweli, mtoto wa yule mama. Alipimwa akakutwa na malaria.

Nilipopata habari ilikuwa wiki ya tatu. Yule mama anauza chakula kando ya barabara. Nilimkuta peke yake, mabenchi matupu, chungu cha ndizi na maharage kimejaa. Nilimweleza mimi ni nani na nimefanya nini. Alinyamaza, kisha akasema, "Waitu shehe, mimi simu ya kusoma sina. Niliona tu watu wameacha kuja. Nikadhani chakula changu kimeharibika."

Wallahi, angenitukana ingekuwa nafuu.

Nilirekebisha kwenye kundi, nikaomba radhi kwa jina langu. Ile sauti ilikuwa imesambazwa mara nyingi. Marekebisho yangu hakuna aliyeyasambaza. Siku ya Ijumaa nilikwenda kula pale na vijana wa msikiti, na Ijumaa iliyofuata tukaenda tena. Machi 13 serikali ilitangaza ugonjwa umekwisha, tukiwa ndani ya Ramadhani. Biashara ya yule mama haikurudi siku hiyo. Inarudi polepole mpaka leo.

Na mimi ndiye niliyewafundisha Suuratul-Hujuraat, aya ya 6, kuhusu kuhakikisha habari kabla ya kuwadhuru watu kwa ujinga. Nimeifundisha Bukoba, nimeifundisha Muleba. Na hadithi aliyoipokea Imam Muslim, kuwa kusimulia kila unachokisikia kunatosha kukufanya muongo, naijua kwa moyo. Kuijua hakukunizuia kidole.

NINACHOTAKA TUELEWANE

Wako wanaosema simu ni shetani, tuitupe. Siafikiani nao, kwa simu hii wengi wenu mmejifunza kuswali. Na wako wanaosema, "Mimi kila siku nasikiliza mawaidha," wakadhani hapo wamefika. Hawa nao siafikiani nao, na mimi nilikuwa mmoja wao. Mawaidha yasiyofanyiwa kazi ni starehe kama starehe nyingine. Mtume (s.a.w.) ametueleza kuwa mja ataulizwa elimu yake aliifanyia nini. Swali halitakuwa ulisikiliza mihadhara mingapi.

Basi mwaka huu nimejiwekea mambo matatu, nawe chukua linalokufaa:

1. Kurasa nne baada ya kila swala, kabla sijaishika simu.

2. Nikiona jambo likaniliza, nafanya tendo moja kwa ajili yake siku hiyo hiyo, hata dogo. Nisipolifanya, sitazami lingine.

3. Habari ya mtu siisambazi mpaka nimjue aliyeiona kwa macho yake. Na kama ina jina la mtu au nyumba yake, najiuliza: ningeweza kuyasema haya nikiwa nimekaa kwenye benchi lake nakula chakula chake?

Ewe Mola wetu, tusamehe tuliyoyasikia tukayaeneza, tuliyoyaona tukayapita, na tuliyoyasoma tukayaacha kitabuni. Ujaalie mwaka 1447 uwe shahidi wetu, usiwe shahidi dhidi yetu. Aamin.

Kwa kawaida humalizia kwa kuwaomba msambaze. Leo naomba kwanza ukumbuke: je, yupo mtu uliyewahi kusambaza habari yake? Mpigie. Mengine baadaye.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.