Fundi wa Alumini na Daftari Lake

Alumini ni madini mepesi yasiyoliwa na kutu kama chuma. Kwa hiyo si ajabu kuona madirisha na milango yake katika miji ya Migori na Homa Bay, hasa karibu na Ziwa, ambako hewa ina unyevu mwingi.

Lakini Kenya haina kiwanda cha kutoa alumini katika mawe yake. Mafundi hununua pau zilizokwisha tengenezwa, nazo huletwa kwa gari kutoka mbali. Kila sentimita, basi, imelipiwa mara mbili: bei ya kiwandani na nauli ya njiani.

Yafaa kutazama hesabu. Upau mmoja uwe na mita 6. Fundi akitaka vipande vya sentimita 160, atapata vitatu, na sentimita 120 zitabaki, yaani sehemu moja katika tano. Akitaka vya sentimita 148, atapata vinne, wala hakibaki kitu ila kijipande na unga wa msumeno. Kwa vipande 12, kazi ya kwanza yahitaji pau 4, ya pili pau 3. Tofauti hiyo hulipwa na mwenye nyumba, au humezwa na faida ya fundi. Dawa yake ni ndogo: mwenye nyumba ashauriane na fundi kabla mwashi hajaacha nafasi za madirisha ukutani.

Mabaki nayo yana thamani. Alumini huyeyuka kwenye joto la digrii 660, na kuiyeyusha tena hutumia karibu sehemu moja tu katika ishirini ya nguvu inayohitajika kuitoa katika mawe. Ndiyo maana mafundi wa jua kali huweza kusubu sufuria kwa vyombo vikuukuu. Hata hivyo mabaki huuzwa kwa kilo, kwa bei ya chakavu, na soko lake si la kutegemewa sana: mwaka 2022 biashara ya vyuma chakavu ilipigwa marufuku nchini tangu Januari hata Mei.

Heri mafundi wa mji mmoja waagize pau pamoja katika gari moja, na waandike mabaki yao katika daftari moja. Kipande cha sentimita 120 kisichomfaa huyu chaweza kuwa dirisha la jikoni kwa yule. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.