MASTAA, MKAHAWA WA KIFARANSA SIYO STUDIO!

Kuna mastaa wa Bongo, wenyewe wanajijua. Wakiingia mikahawa ya Kifaransa kule Masaki, meza wanakaa sita, kahawa vikombe viwili, kroasanti moja inapigwa picha nusu saa. Bili ikija: "Tutawaposti." Jamani! Posti hailipi nauli ya mhudumu anayerudi Mbagala usiku.

Na ufahari wenyewe uko wapi? Ufaransa baguette ni mkate wa kila siku, fundi bomba anaibeba kwapani anarudi nayo kwake. UNESCO ilipoipa heshima mwaka 2022, iliheshimu ufundi wa waokaji, siyo pozi la mteja.

Mfuko umetoboka? Chapati na chai ya rangi kwa mama ntilie havijaua mtu. Ila huko nako, staa, unalipa! Wadau mnasemaje?